Kaka Ametengenezwa

Gerezani, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za jirani yangu wa godoro, ambaye wakati huu ninapoandika anakoroma kana kwamba analipwa kwa kazi hiyo. Mimi mzima. Miguu ya Mama vipi? Mwambie ile dawa ya kuchua asiipake halafu akaenda kukaa karibu na moto. Mwaka ule nusura ajiunguze.

Huku ni mawe tu. Tunapasua kokoto asubuhi, tunapasua kokoto jioni. Juzi wafungwa wawili waligombania nyundo yenye mpini mzuri. Mmoja akamng'ata mwenzake sikio, kipande kikabaki mdomoni, akawa hajui akiteme au akimeze. Tulicheka, Kaka. Mtu anavuja damu mpaka kwenye kola na sisi tumeshika mbavu. Ndivyo tulivyo siku hizi.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji aliniandikia mistari michache kwamba umepasuliwa ngiri. Ngiri gani hiyo ya kumlaza mtu hospitali muda wote huo? Na mwandiko wake haukuwa ule wa siku zote, ulikuwa unatetemeka kama wa mtu aliyeandikia juu ya goti. Tangu yule fahali alipokubana kwenye geti la chuma pale machinjioni, umekuwa ukisema mfupa wa nyonga umeunga na mambo yote sawa. Kama kuna kingine, niambie. Mimi nimefungwa, masikio yangu hayajafungwa.

Mdogo wako.


Nyumbani, 20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ovyo ovyo, kwa hiyo hata yule afande anayesoma naye nampa salamu. Mama hajambo. Miguu inamsumbua, mdomo haumsumbui. Kila anayepita barazani anaelezwa habari za ngiri yangu, na Mama anapokea pole zote kama ndiye aliyepasuliwa.

Ndiyo, ni ngiri. Usitafute makubwa. Iliuma, na bado inauma. Nimerudi nyumbani lakini nimekatazwa kunyanyua hata ndoo. Nimevalishwa chupi ya kubana, kila kitu kimeelekezwa juu, usawa wa kitovu, na nimeambiwa nisimsogelee shemeji yako mpaka daktari aseme. Nikikohoa naona nyota. Nimechinja ng'ombe nusu ya maisha yangu na sikuwahi kujiuliza wao wanaonaje. Sasa najiuliza.

Kuna jambo na mimi nataka kukuuliza, na safari hii usinizungushe. Yule Mchunaji, mwenzangu wa machinjioni, amerudi kazini. Tundu la jicho lake halijafunikwa, analibeba hivyo hivyo kila mtu alione. Kisu cha kuchunia hakimtii tena, maana kwa jicho moja hajui ngozi inaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Watu wazima tunatazama chini akipita. Ulimpiga kwa spana ya magurudumu mbele ya baa nzima. Hakimu akakuuliza sababu, akakubembeleza kabisa, ukasimama pale kama gunia. Angekupa miaka miwili. Kwa kunyamaza kwako akakupa mitano. Sasa niambie mimi: alikufanya nini?

Kaka yako.


Gerezani, 2 Aprili

Kaka,

Salamu. Huku mvua imenyesha na selo imeingia maji, tumelala tumeketi. Mzee mmoja ametolewa asubuhi akiwa amekufa, tukadhani amelala. Mwambie Mama mimi sijambo na nakula vizuri. Usimwambie habari ya mzee.

Sasa sikiliza. Hapa kuna mfungwa alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji kabla hajaiba dawa za hospitali. Nilimsomea ile sehemu ya chupi ya kubana na ya kuelekeza juu, nijue kama unatunzwa ipasavyo. Akatabasamu. Akasema, "Hiyo si ngiri, ndugu yangu. Kaka yako amewekewa vifaa."

Nilimpiga kwanza, nikamuuliza baadaye. Jino moja la mbele limetoka. Alipomaliza kutema damu akanieleza vizuri sana, hana kinyongo, hata alinichorea mchoro sakafuni kwa kidole.

Kaka, kama ndivyo, mimi ni nani yako mpaka unifiche? Tulioga karai moja.

Lile swali lako la Mchunaji liache lilipo. Nilikuwa nimelewa. Andika hivyo moyoni mwako, ufunge.

Mdogo wako.


Nyumbani, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Mwombe radhi yule mhudumu. Jino la watu hilo.

Haya. Ngiri haipo. Afande, kama unasoma, soma mpaka mwisho ufaidi.

Fahali aliponibana, alivunja nyonga na akachana mishipa ya huko ndani. Mfupa uliunga. Huko kwingine hakukuunga. Jogoo hakuwika tena, hata siku moja. Mwanzoni shemeji yako alisema tusubiri. Tukasubiri. Nikanywa vidonge mpaka moyo ukawa unagonga kama mlango wa polisi. Nikapewa sindano ya kujichoma mwenyewe pale pale, nikaanguka chooni nikapasua kidevu kwenye sinki. Lile kovu nililokwambia ni la kunyoa, ni hilo. Siku moja mchana nilichukua shoka nikakipasua kitanda chetu. Nilikipasua chote, mbao, chaga, godoro. Shemeji yako alikuwa amesimama mlangoni, futi yake ya kupimia nguo shingoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Ukimaliza, zoa vipande." Halafu akarudi kwenye cherehani.

Nilizoa. Kesho yake tukaenda pamoja kwa daktari bingwa. Ni mama mfupi, mikono midogo kama ya msichana wa shule, na hana aibu hata chembe. Kwa kuwa ni ajali ya kazini, bima ilikubali. Ameniwekea mirija miwili humo ndani, pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani, na kifuko cha maji tumboni karibu na kibofu. Ukibinya pampu, maji yanakuja mbele. Ukibinya kitufe chake, yanarudi.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Yasiyoandikwa ni haya. Nilipozinduka nilidhani fahali amerudi. Kila kitu kilikuwa na rangi ya ini na kimevimba mpaka nilimwuliza nesi kama hiki ni changu au wamenichanganyia na cha mtu mwingine. Walipouchomoa mpira wa mkojo nilimtukana yule nesi, kijana wa watu, tusi la machinjioni, tusi zima na mkia wake. Sasa uvimbe umepungua. Natembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Kidonda kimefunga, kasoro kijisehemu kimoja chini ambacho bado kinatoa maji, na wiki ijayo daktari atanifundisha kubinya.

Kucheka kunauma kuliko kukohoa, kwa hiyo usiniandikie vichekesho.

Kaka yako.


Gerezani, 18 Aprili

Kaka yangu!

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa shemeji salamu za heshima kabisa. Samahani, itabidi ucheke.

Silinda mbili, pampu, na tangi la maji! Kaka, hizo ni breki! Wamekuwekea mfumo mzima wa breki, kazi niliyoifanya gereji tangu ndevu zinaota, na hukuniita! Mwulize daktari kama aliondoa hewa kwenye mirija. Hewa ikibaki humo, unakanyaga pedali inaenda mpaka chini na gari halifanyi kitu. Nilicheka peke yangu mpaka askari akapiga mlango kwa rungu akaniuliza kama nimepata wazimu.

Nimefurahi, Kaka. Sijui kukwambia nimefurahi kiasi gani, kwa hiyo nimekwambia habari za breki.

Jambo moja tu. Usiwaambie watu. Hasa wa kazini. Nakuomba kama mdogo wako, na usiniulize kwa nini. Wakikuuliza, ngiri.

Mdogo wako.


Hospitali, 6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama mzima. Shemeji yako mzima, mkono wake umefungwa bandeji. Mimi nimelazwa tena, nakuandikia nimelalia ubavu. Barua yako ya breki nimeletewa hapa kitandani na sikuicheka.

Mchunaji alikuja nyumbani.

Ilikuwa siku chache kabla sijaenda kufundishwa kubinya. Mama alikuwa kwa jirani. Shemeji yako alikuwa anapiga pasi sare za shule za watu, ile pasi yake ya mkaa, na mimi nimekaa kitandani nimejifunga shuka. Mlango ulipigwa teke, komeo likaruka mpaka chini ya meza. Akaingia amevaa buti za mpira za machinjioni, bado zina damu, na kisu cha kuchunia mkononi. Kisu kile nilimfundisha mimi kukishika.

"Simama," akaniambia.

"Siwezi kusimama haraka."

"Nimesikia. Karani wa bima ameshawaambia watu wote. Nimesikia umetengenezwa." Alikuwa amelewa, lakini hakuwa anayumba. "Leo wamenifukuza kazi. Wanasema natoboa ngozi, naharibu mali. Wewe fahali kakuharibu, ukapelekwa kwa madaktari ukapewa kipya. Hili," akaingiza kidole kwenye tundu la jicho, "hili nani atalitengeneza?"

Nikamwambia, "Aliyekufanya hivyo yuko jela. Nenda kamwulize kwa nini."

Akanitazama, akaanza kucheka. "Hujui? Kweli hukuambiwa?" Akamgeukia shemeji yako. "Na huyu naye hajui?" Akasema yeye mwenyewe, polepole, alikuwa anayafurahia. Kwamba mle baa alisema mimi ni maksai. Kwamba mke wangu akichoka kukaa na maksai, wao wenye vifaa wapo, wapange foleni tu. Watu wakacheka. Wewe ukatoka nje, wakadhani umekwenda zako. Ukarudi na spana.

Nilisimama. Sijui nilisimama vipi. Akanipiga teke.

Mdogo wangu, buti lile liliingia pale pale. Sikulia. Sauti haikupata njia ya kutokea. Nikaona sakafu, nikaona shuka linabadilika rangi. Akainama na kile kisu, nikaweka mkono, akanichana kuanzia kiwiko mpaka kifundo, mchano safi, bado anajua kazi hata kwa jicho moja. Hapo ndipo shemeji yako alipomwekea pasi shingoni. Hakumrushia. Aliiweka, akakandamiza kwa mikono yote miwili kama anayenyoosha mkunjo mgumu, makaa yakamwagika yakamchoma na yeye, na hakuachia. Ile harufu naijua, ni ya ngozi inapobabuliwa manyoya. Mtu yule alipiga kelele ambayo mpaka leo iko chumbani.

Kisu kilianguka karibu yangu. Nikakiokota. Nikamkalia, nikamshika chini ya taya, kidole gumba mahali pake, kichwa nikakigeuza. Sikuwaza lolote. Mkono ulikuwa unaijua kazi yake.

Shemeji yako akasema, "Mimi siwezi kutembelea wafungwa wawili."

Alisema hivyo tu, anahema. Nikakiacha kisu.

Majirani walimfunga kwa waya wa kuanikia nguo. Polisi wakamchukua, mimi nikabebwa. Kidonda kilikuwa kimefunguka chote, pampu inaonekana nje kama jiwe la figo. Wakasafisha, wakashona, lakini usaha uliingia. Nilitetemeka kwa homa usiku na mchana, sikujua Mama na nesi nani ni nani. Mwisho yule daktari mfupi akaja akakaa kitandani, akaniambia vyote vitolewe. Nilimwambia afadhali anikate kabisa amalize. Akasema, "Ukishamaliza kunitukana, nikueleze nitakachofanya." Ametoa mirija, pampu na kifuko, ameosha kwa dawa, kisha hapo hapo akaweka vijiti viwili vinavyokunjika. Hakuna maji wala kubinya. Unavipandisha kwa mkono, ukimaliza unavishusha, kama antena ya redio. Mfumo wako wa breki umekufa. Kama hivi navyo vitaingia usaha, hakuna cha tatu.

Mama amejua. Alisema, "Na mimi nilikuwa nawaambia watu ngiri." Kisha akalia.

Sasa wewe. Kumbe ni mimi. Kumbe ulisimama mbele ya hakimu ukala miaka mitano ili mimi nisisemwe. Nani alikutuma? Mimi niliwahi kukuomba ulitoe jicho la mtu kwa ajili ya nguo yangu ya ndani? Ungekuja ukaniambia, "Kaka, wanakucheka," ningekwambia, "Waache wacheke, mimi mwenyewe nimelia nimemaliza." Umeniachia mama, umeniachia nyumba, umemwachia mtu yule tundu usoni, na tundu lile ndilo lililokuja kunipiga teke. Nina hasira na wewe kuliko niliyo nayo kwake.

Anaweza kuletwa kwenye gereza lenu. Hakuna jingine karibu. Akiletwa, usimguse. Sikuombi, nakuamuru.

Kaka yako.


Nyumbani, 9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yangu hujaijibu. Labda haijafika, labda imefika. Mama anauliza kila postamasta anapofungua dirisha, nami nadanganya kwamba gereza lina shughuli nyingi.

Homa imekwisha. Usaha haukurudi. Wamenitoa nyuzi, mkono na huko chini. Usiku naamka nikidhani mlango umepigwa teke. Natoa mkono, nakuta shemeji yako naye macho.

Mchunaji amehukumiwa. Askari aliyekuja kuchukua maelezo yangu amesema ameshaletwa kwenu. Shingo yake ina kovu lenye umbo la ncha ya pasi.

Nakujua. Najua unavyonyamaza kabla hujafanya kitu. Ukiwa mtoto ulikuwa unanyamaza hivi hivi, halafu tunasikia kioo cha mtu kinapasuka. Hasira yangu ya barua ile imepungua, kama ndiyo unayoiogopa. Andika hata neno moja. Andika "sijambo" tu.

Kaka yako.


Gerezani, 21 Julai

Kaka,

Sijambo.

Salamu kwa Mama na shemeji. Mikono yote miwili imevimba, nimeandika barua hii vipande vipande, usijali mwandiko. Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliisoma nikaikalia. Ya pili ilipofika nilikuwa tayari nimemwona.

Aliletwa asubuhi, wakampanga palepale kwenye mawe. Nikamtazama siku kadhaa. Nilijua anakaa wapi, anakojoa wapi, upande gani haoni. Nilikaa upande ule. Ningeweza kuweka nyundo kwenye kisogo chake na asingejua ni nani aliyemuua. Nilikuwa naipima nyundo mkononi, Kaka, na ninawaza lile buti.

Siku niliyoinuka niliitazama ile nyundo na nikasikia sauti yako ikisema usimguse. Nyundo nikaiweka chini. Hapo ndipo utii wangu ulipoishia. Nisamehe, hapo ndipo ulipofika.

Nilimwita kwa jina, akageuka. Nikampiga ngumi ya pua, ikavunjika, niliisikia. Akaja. Ana nguvu yule mtu, wewe unajua, lakini ngumi zake zilikuwa zinapita kando, moja mbele ya uso wangu, nyingine huku juu, kama anagombana na nzi. Hajui mtu yuko umbali gani. Wafungwa walianza kucheka na kupiga makofi. Nami nampiga. Mbavu, mdomo, mbavu. Yeye anarusha, anakosa, anarusha. Ikafika mahali watu wakaacha kucheka. Ikawa inasikika ngumi tu. Nyapara akasema, "Basi, huyo humpigi, unamchinja." Nikaendelea. Sitaki ufikiri niliacha. Niliachishwa. Askari walikuja na marungu wakatupiga wote wawili mpaka tukawa hatujui tulikuwa tunagombania nini. Mimi vidole vitatu vimevunjika na nimeongezewa mwaka. Yeye mbavu, taya, na pua.

Wakatutupa vyumba vya adhabu, mimi huku, yeye ukuta wa pili. Ukuta wenyewe mwembamba. Siku za kwanza nilimsikia anavyopumua kwa mdomo kwa sababu pua haipitishi, na nilifurahi. Kisha nikachoka kufurahi. Giza ni lile lile, kuta ni zile zile, unamsikiliza mtu anavyopumua kwa sababu hakuna kingine cha kusikiliza. Ikawa akinyamaza kidogo, nashtuka.

Siku moja akagonga ukuta. Akasema, na taya ile maneno yanatoka yamepondeka, "Kaka yako."

Nikausogelea ukuta.

"Walikitoa kile kitu?"

Nikasema, "Walikitoa. Wakaweka kingine."

Nikamsikia anajigeuza sakafuni. Halafu akauliza, "Inamuuma?"

Nilikuwa na matusi mengi, niliyapanga, nikakuta sina nguvu ya kuyatoa. Nikamwambia sijui, nitamwuliza. Basi nakuuliza.

Sikuomba radhi, Kaka, wala yeye hakuomba. Kwako ndiko ninakoomba. Sikukuuliza siku ile ya baa kwa sababu nilijua utanizuia.

Mdogo wako.


Nyumbani, 14 Agosti

Mdogo wangu,

Pole ya vidole. Mama amesikia umeongezewa mwaka, akatupa kikombe ukutani, kisha akaomba aletewe kingine cha chai. Miguu yake ni ile ile. Anasema ukitoka atakuchapa, na mimi nitamshikia fimbo.

Hukunitii. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali pa kukukasirikia, nakuta pale penye nyundo nakwama. Basi yaishe.

Nimerudi kazini. Sijaruhusiwa kuchinja, nasimamia tu. Siku ya kwanza waliacha kuongea nilipoingia, kila mtu akawa na ndoo ya kuosha. Nikasimama katikati ya damu nikawaambia kwa sauti ya kawaida: fahali alinimaliza nguvu za kiume, nikapasuliwa, nikapigwa teke, nikapasuliwa tena, sasa nina vijiti viwili humu ndani. Mwenye swali aulize sasa, kwa sababu kesho nitamrushia kwato. Halafu yule mzee wa kupima mizani, unayemkumbuka, mwenye kisukari, akanifuata kule kwenye maji, akajifanya ananawa, akaniuliza yule daktari anapatikana siku gani. Nimempeleka mwenyewe.

Daktari amenikagua, ameridhika. Aliniambia sasa naruhusiwa. Nikakaa wiki nzima na ruhusa yangu mfukoni kama mwanafunzi. Naogopa, mdogo wangu. Kila nikivishika naona buti. Shemeji yako hakunisukuma. Jumapili mchana Mama alikwenda kwa jirani, shemeji yako akafunga cherehani, akaweka meza nyuma ya mlango kwa sababu komeo bado hatuliamini, akaja akakaa kando yangu.

Yaliyofuata si yako. Nitakwambia tu kwamba katikati yake alianza kulia, nikaogopa nimemuumiza, akanizaba kofi la bega akasema, "Endelea, wewe!"

Sasa swali la mtu wako wa ukutani. Mwambie hivi, kwa maneno yangu, usiongeze ya kwako. Mwambie ndiyo, iliniuma, iliniuma mpaka nikaomba kufa, na kukipambazuka na baridi bado inauma. Mwambie sijamsamehe. Mwambie mke wangu akisikia mlango unagongwa, mkono unakwenda kwenye pasi kabla hajauliza nani.

Halafu mwambie nimepona.

Kaka yako.